Nani Aonje Kwanza?

Nani anawajibika kwa kinywaji unachopeleka mdomoni? Tanzania Breweries ilianzishwa mwaka 1933, lakini mnywaji hamjui kwa sura aliyempikia bia. Anaamini lebo, basi.

Nilisafiri kwa basi kutoka Kasulu hadi Murungu, Kibondo, na kila niliposhuka niliingia kilabuni kuonja pombe ya ndizi. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke. Lebo hakuna. Lakini mama mpika pombe huchota, akapiga funda yeye kwanza, ndipo akupe: "Haya, mwanangu, karibu."

Wapo watakaosema huo ni ushamba, maana funda moja halipimi kileo wala uchafu. Kiwandani kuna maabara. Kweli kabisa. Ila usalama ni jambo moja na uwajibikaji ni jingine. Anayeonja mbele yako anakwambia: ikiwa mbaya, tutaumia wote. Maabara haiumwi tumbo.

Jibu langu ni hili: usimpe mwenzio usichothubutu kukimeza mwenyewe. Na sisi tunaotamani kuandika vitabu, tusidhani hayo yanawahusu wapika pombe peke yao.