Risiti Mfukoni

Kijana mmoja anayesoma Dresden, Ujerumani, alipanda treni kwenda Prague kumtembelea dada wa kwao Tanga anayeishi huko. Si mbali, lakini ukivuka mpaka pesa inabadilika: Wacheki wamo katika Umoja wa Ulaya tangu 2004, ila euro hawakuichukua. Wanatumia koruna yao.

Dada alikuwa kazini hadi jioni, kwa hiyo mgeni alijizungukia mwenyewe. Karibu na Uwanja wa Mji Mkongwe akaona duka la kubadilishia fedha lenye bango kubwa: hakuna kamisheni. Akapenyeza euro 200 chini ya kioo, akahesabiwa koruna 3,200 na kupewa risiti. Bango halikudanganya. Kamisheni hawakumkata, walimkata kwenye kiwango, koruna 16 kwa euro moja, na siku zile benki ilikuwa karibu 25.

Hakuuliza, maana moyo wake ulishafika kwenye saa kubwa ya mnara wa ukumbi wa mji, iliyopo tangu 1410. Inapotimia saa kamili, vidirisha viwili hufunguka, mitume wakapita mmoja mmoja, na kiunzi cha mifupa ya mtu kikavuta kamba ya kengele. Ni kitu cha kutazamwa kweli, na sioni ubaya mtu kukisafiria.

Baadaye, akinywa kahawa, alipiga hesabu kwenye simu akaona amepunjwa koruna 1,800 hivi. Kwa mwanafunzi hicho ni chakula cha siku kadhaa. Duka lilikuwa mwendo wa dakika tano tu. Akaona haya kurudi, na haya zaidi kumpigia dada, asije akaonekana mshamba. Akashika njia ya Daraja la Charles kupiga picha za sanamu.

Kwa kupunjwa simlaumu. Wageni wa kila taifa wamenaswa mitaa ile. Namlaumu kwa kunyamaza.

Saa mbili usiku, mezani, ndipo alipolitoa.

“Risiti unayo, mdogo wangu?”

“Ninayo, dada.”

Dada akaisogeza kwenye taa. Ilipigwa 14:10. Akamweleza kwamba tangu Aprili 2019 sheria ya Cheki inamruhusu mteja kurudi dukani ndani ya saa tatu, ikiwa kiasi hakizidi euro 1,000. Unatoa risiti na pesa uliyopewa, unarudishiwa yako, na sababu huulizwi.

“Mwisho wako ulikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Ulikuwa wapi?”

“Darajani.”

“Na simu mkononi. Ungenipigia, ningekwambia urudi palepale.”

Kesho yake alikwenda kutoa pesa kwenye ATM. Mashine ikamwuliza: akatwe kwa euro au kwa koruna? Nyuma yake watu wamepanga foleni. Akampigia dada kabla hajabonyeza.

“Koruna,” dada akamwambia. “Kubadilisha waachie benki yako.”