Vikombe vya Jirani

Spika ya sabufa ukiiwasha kabla ya kuitia kwenye boksi, hutoa mkwaruzo hafifu, basi. Koni inakwenda mbele na kurudi kwa nguvu zake zote, ukiigusa inakusukuma kidole, lakini besi husikii. Kijana ninayemfundisha kazi aliitazama spika yangu mpya ya inchi 10 ikihangaika juu ya meza, akaniuliza, "Mzee, hii si imekufa?" Nikamwambia ni nzima kabisa, inachokosa ni nyumba.

Koni inaposukuma hewa ya mbele, papo hapo inavuta hewa ya nyuma. Mawimbi hayo mawili ni kinyume, na yale ya sauti nzito ni marefu, huzunguka ukingo wa spika yakakutana upande wa pili. Yakikutana yanafutana. Spika inatoa kwa mkono wa kulia na kupokonya kwa mkono wa kushoto, na jasho lote linakwenda bure. Boksi haliongezi hata wati moja. Kazi yake ni kusimama katikati, la nyuma libaki nyuma, la mbele liende mbele. Ndipo sauti inapatikana.

Nimefunga redio za magari hapa Tanga zaidi ya miaka ishirini, na jambo hili nimelijua muda wote huo kama fundi. Kulitafakari kama mja wa Mungu nimeanza mwaka huu, nilipojifungia sabufa kwenye pikapu yangu mwenyewe. Swali lililonishika ni hili: mpaka humpunguzia mtu uhuru wake, au ndio unaompa sauti?

Pikapu yenyewe ni Hilux dabo kebini. Nyuma ya kiti cha abiria pana uwazi mwembamba ambao wengi huuachia jeki na matambara. Nilipima, nikakata MDF ya milimita 18, nikapata boksi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 75 kwa 28 kwa 12, yaani lita 25 hivi. Gundi kila kiungo, skrubu kila sentimita 10, silikoni kila kona. Kisha nikaazima chetezo cha mke wangu, nikatia udi, nikawa naukokota moshi polepole kwenye viungo huku kijana akiibonyeza koni kwa ncha za vidole. Penye tundu moshi huyumba. Kona moja uliyumba, tukaiziba. Baada ya hapo koni ikawa ikibonyezwa inarudi taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Wazee wamesema debe tupu haliachi kuvuma, nasi tukakua tukiamini kosa la debe ni utupu. Lakini boksi langu nalo ni tupu. Ndani yake hamna kitu ila hewa, na hewa ile ndiyo inayofanya kazi: koni ikizidi kwenda mbele inavutwa, ikizidi kurudi inasukumwa, haipotei njia. Debe linavuma kwa sababu liko wazi, kila anayeligonga linamjibu. Utupu uliolindwa ni kitu kingine.

Lugha yetu imeliona hili kabla yangu. Ninafunga redio, ninafunga boksi, na Ramadhani ikiingia ninafunga. Neno ni lile lile. Mwenye njaa na mwenye saumu ukiwapima matumbo yako sawa, yote matupu. Anayetofautiana ni yule aliyeufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, kwa nia, akijua anamfungia nani. Njaa ya kwanza inamchosha mtu. Ya pili inamrudisha mahali pake kila anapotaka kuzidi.

Nilidhani hapo ndipo fundisho linaishia, mpaka usiku wa tatu baada ya kuifunga sabufa.

Nilikuwa nimeegesha mbele ya nyumba, Ngamiani, milango ya pikapu imefungwa, taarabu inapiga. Sikuona kama ninamkera mtu, maana nje maneno ya wimbo hayakusikika. Asubuhi bibi wa nyumba ya pili akaniita. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha kabati lake la vyombo. "Mwanangu," akasema, "muziki wako mimi siusikii. Vikombe vyangu ndivyo vinavyousikia. Vimegongana mpaka saa sita, nikadhani kuna mtu ndani."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi, fundi, nilijua sababu. Sauti nyembamba, ya kinanda au ya mwimbaji, ukuta na kioo huizuia kwa urahisi. Besi ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la zaidi ya mita 8, refu kuliko chumba anacholala bibi yule. Wimbi hilo halibishi hodi. Linaitikisa bati, linaingia dirishani, linafika kabatini. Nilikuwa nimeufunga upande wa nyuma wa spika kwa gundi na silikoni, upande wa mbele nikauacha hauna mpaka kabisa.

Kijana alinitetea. "Gari lako, betri yako, mafuta yako. Wewe uko kwako." Sikumpuuza, kwa kuwa hoja yake ni ya zamani na wakubwa wameijadili. Mafaqihi walibishana juu ya moshi wa tanuri, harufu ya ngozi zinazotengenezwa, na kinu kinachotikisa ukuta wa nyumba ya pili. Wapo waliosema mtu ana haki ya kutumia mali yake apendavyo, mradi hakuvuka ada. Wapo waliosema madhara yakivuka ukuta, haki imeishia pale pale ukutani. Mimi si mwanachuoni wa kuamua kati yao. Lakini najua Luqman alimuusia mwanawe ateremshe sauti, na najua jinsi Jibril alivyokariri kuusia haki ya jirani hata Mtume akadhani jirani atafanywa mrithi. Kama jirani anakaribia kuwa mrithi wangu, basi usingizi wake ni sehemu ya mali ninayoishika kwa niaba yake.

Tena tamaa ya sauti haina ukingo wake yenyewe. Sikio ili lihisi sauti imekuwa mara mbili, linahitaji nguvu kiasi cha mara 10. Wati 100 zikikuchosha utataka 1,000, na za 1,000 nazo utazizoea. Anayengoja kushiba ndipo aache, hataacha.

Sikuing'oa sabufa. Jioni ya siku ile nilikwenda kwa bibi, nikakaa mkekani mbele ya kabati lake, simu sikioni, kijana akiwa ndani ya pikapu anapandisha amplifaya kidogo kidogo. Kikombe cha kwanza kilipomgusa mwenzake nikamwambia, "Rudisha." Akarudisha mpaka vyote vikanyamaza. Pale pale akaweka alama kwa rangi ya kucha, nyekundu.

Kwa alama ile besi bado naisikia mgongoni, nzito na safi. Nikiwa njia ya Muheza, mkonge kulia na kushoto, hakuna kabati la mtu, huivuka na kumshukuru Mungu kwa sauti ile. Nikikaribia nyumba za mjini mkono unarudi wenyewe kwenye ile nyekundu, kama koni inavyorudi mahali pake.