Jina na Haki ya Kulitoa

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'aa gizani. Walikusudia sifa ya mtu. Hawakukusudia kwamba majina ya nchi zetu yangekuja kuwekwa hasa katika giza la mbingu. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baina ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii limo kundi kubwa la miamba inayolizunguka jua, nayo huitwa asteroidi. Katika orodha yake, namba 1427 ni Ruvuma, namba 1428 ni Mombasa, na namba 1429 ni Pemba. Zote tatu ziligunduliwa mwaka 1937 na Cyril Jackson, katika kituo cha kutazamia nyota cha Johannesburg, Afrika Kusini.

Jambo hili latuletea swali: ni nani mwenye haki ya kutoa jina? Kwa desturi zetu mtoto hapewi jina na mpita njia. Hupewa na wazee wake. Na mwaka 1937 wenyeji wa Ruvuma, Mombasa na Pemba walikuwa chini ya utawala wa wageni. Hawakuwa na sauti katika mambo ya ardhi yao, sembuse ya mbinguni. Wako basi wasemao kuwa majina haya ni sehemu ya unyang'anyi ule ule. Wako pia wasemao kuwa ni heshima, tushukuru na kunyamaza. Sisi twaona kauli zote mbili zina upungufu.

Kwanza, haki ya mgunduzi hutoka wapi? Katika zama zile mtazamaji alipiga picha mbili za sehemu moja ya anga kwa nyakati mbalimbali, kisha akazilinganisha kwa makini. Nyota zilibaki mahali pake. Nukta iliyosogea ndiyo iliyotafutwa. Baada ya hapo njia yake ilipaswa kupimwa na kuhakikishwa. Haki hiyo, basi, imetokana na jasho wala si cheo.

Lakini jasho halimpi mtu milki ya jina. Tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, padri Giuseppe Piazzi aliigundua Ceres, iliyo kubwa kuliko zote katika ukanda huo, na ambayo tangu mwaka 2006 huhesabiwa kuwa sayari kibete. Yeye aliiita Ceres Ferdinandea: Ceres kwa mungu wa mavuno wa Warumi wa kale, Ferdinandea kwa kumtukuza mfalme wake. Mataifa mengine hayakumkubali mfalme, mavuno yakabaki. Siku hizi mgunduzi hupendekeza tu, na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Falaki ndiyo huamua. Jina la mwanasiasa au la mpiganaji vita halikubaliwi mpaka ipite miaka 100 tangu kifo chake.

Twajifunza kwamba jina ni amana. Jackson hakulibuni jina la Pemba. Alilikuta limekwisha kujaa maana, iliyotiwa na wavuvi, wakulima wa karafuu na mabaharia wa vizazi vingi. Kwa hakika yeye ndiye aliyekopa kwetu, na aliyekopesha hana sababu ya kujiona mnyonge.

Wala si kweli kwamba wazee wetu hawakuwa na neno mbinguni. Kundi la nyota tuliitalo Kilimia lilipewa jina kutokana na kulima, kwa kuwa wakulima waliyatazama majira kwa kulifuata. Nao walilitoa jina hilo kwa haki ile ile: kukesha, kutazama na kufanya kazi.

Hapo ndipo lilipo deni letu. Si haja kuwafutia wengine majina waliyoyatoa, wala haitoshi kujivunia kutajwa. Mwenye kutajwa tu ni mgeni katika elimu. Mwenye kutazama ni mwenyeji. Vijana wetu wakijifunza hesabu na falaki, mbingu itapata majina mengine kutoka kwetu, nasi tutakuwa tumeyatoa wenyewe.