Kujibu Sawasawa Si Kujua

Je, kila ajibuye sawasawa ndiye ajuaye? Swali hili lawakabili leo wanachuo wanaozifundisha kompyuta kusoma picha za eksirei. Mashine huonyeshwa maelfu ya picha pamoja na majibu yake, kisha hujitafutia yenyewe dalili za kufuata.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuzifundisha na kuzijaribu kompyuta kwa picha 158,000 na zaidi za vifua, ili zitambue nimonia. Katika mitihani 3 kati ya 5, kompyuta zilishinda nyumbani zikapungukiwa ugenini. Ikaonekana kwamba ziliweza kutambua picha imetoka hospitali gani. Na katika hospitali moja picha zenye nimonia zilikuwa kama 34 katika kila 100. Kwingine kama 1 tu. Basi aliyeijua hospitali aliweza kuubahatisha ugonjwa bila kulitazama pafu.

Je, mashine ilisema uongo? La! Uongo wahitaji nia, na mashine haina nia. Mwanachuo ndiye aliye nayo. Akitamani sifa na cheo, aweza kuishia kwenye picha za nyumbani, penye alama nyingi. Hatakuwa ametamka uongo, ila ataificha kweli. Na mgonjwa wa mbali hana njia ya kumwuliza.

Kwa hiyo amana ya elimu ni hii: ipeleke kazi yako mahali iwezapo kushindwa, kabla mgonjwa hajaijaribu kwa uhai wake.