Maombi na Mkate wa Tini

Somo: 2 Wafalme 20:1–7

Leo kabla sijahubiri, nataka kutubu mbele yenu.

Mnakumbuka ile kesha ya Ijumaa, ndugu yetu mmoja alishika kifua katikati ya sifa. Jasho baridi lilikuwa linamtoka, akasema kuna kitu kizito kimemkalia kifuani na mkono wa kushoto unauma. Mmoja akasema ni gesi, mwingine vichomi. Mimi mchungaji wenu nikamwekea mikono, nikaanza kukemea. Karibu saa nzima ikapita. Ndipo dada mmoja muuguzi akanivuta koti: “Pasta, haya maombi tumalizie kwa gari!”

Tulimfikisha hospitalini akiwa hai, utukufu kwa Mungu. Lakini daktari alituambia sehemu ya msuli wa moyo wake imekufa. Siku hizi akitembea kutoka steji kuja hapa kanisani, anasimama mara mbili kupumua. Kila nikimwona amesimama, naikumbuka ile saa.

Sasa mtazameni Hezekia. Aliugua karibu kufa, akaomba kwa machozi, Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini usiruke mstari wa 7! Isaya, ambaye ndiye aliyeleta hiyo ahadi, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ipo, na dawa ikawekwa. Nani alimwambia Isaya hana imani?

Wapendwa, mshtuko wa moyo si pepo. Mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo umeziba. Mara nyingi ni mafuta yaliyojikusanya ndani ya mshipa yamepasuka, damu ikaganda hapo. Msuli ukikosa damu unaanza kufa, na ukishakufa haurudi.

Dalili ni kifua kubanwa, maumivu kwenda mkononi, shingoni, tayani au mgongoni, jasho baridi, na pumzi kukatika. Kina mama, wazee na wenye kisukari wanaweza kukosa maumivu makali. Wahisi tu kichefuchefu, kukosa pumzi au uchovu wa ghafla.

Ukiona hivyo, mketishe. Asitembee, wala asiendeshe gari mwenyewe. Piga 999 au 112, au tafuta gari papo hapo mpaka Hospitali ya Rufaa ya Moi. Ombeni mkiwa njiani!

Na tusingoje kuanguka. Pima presha, maana haina kelele. Ikirudia kufika 140/90, muone daktari. Pima sukari pia. Acha sigara, punguza chumvi na vya kukaanga. Sisi watu wa Eldoret tunawapigia wanariadha makofi, halafu tunapanda boda kwenda dukani! Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Na wewe uliyeacha dawa za presha kwa sababu uliombewa, nakusihi rudi kliniki. Kama Bwana amekuponya, mashine itatoa ushuhuda, na daktari ndiye atakuachisha dawa.

Ndugu yetu amenisamehe. Nimeomba na ninyi mnisamehe, na mtu mwingine asipotezewe saa nzima kwa mikono yangu. Baba, tupe imani ya kuomba na hekima ya kukimbia hospitali. Katika jina la Yesu, Amina.