Hesabu na Huruma katika Kutawala

Watu wengi husema ya kuwa watawala ni wa namna mbili: yuko mwenye akili, ambaye hulipima kila jambo kabla ya kulitenda, na yuko mwenye moyo mpole, ambaye watu humpenda. Tena husema sifa hizi hazikai nyumba moja. Sisi twalitilia shaka neno hili, na shahidi wetu ni Moshoeshoe, mfalme wa Wasotho katika Afrika ya Kusini.

Mwaka 1824, katika siku za vita na njaa, Moshoeshoe aliwahamisha watu wake toka Butha-Buthe hata Thaba Bosiu, mlima wenye kilele kipana na majabali pande zote. Njiani babu yake, Peete, kwa kuwa alikuwa mzee asiyeweza kwenda upesi, alibaki nyuma, akakamatwa na watu ambao njaa ilikuwa imewafikisha hata kula watu, wakamla. Baadaye watu wale waliletwa mbele ya mfalme, na Wasotho wakataka wauawe. Yeye akakataa. Akasema ya kuwa watu hawa ndio kaburi la babu yake, wala haimpasi mtu kulivunja kaburi la wazee wake. Akaamuru watakaswe kama desturi ya kutakasa kaburi, akawaacha wakae salama.

Je, msomaji, huo ulikuwa moyo au hesabu? Mwenye kupenda hesabu atatwambia ya kuwa mfalme aliwahitaji watu, maana nchi ilikuwa imetawanyika, na kila auawaye ni mkuki mmoja uliopungua. Ni kweli. Lakini hesabu peke yake haimfundishi mtu namna ya kutuliza hasira ya waliofiwa. Kuwaua watu wale kulikuwa kwepesi. Kuwaacha hai pasipo kuwadharau wafiwa, hapo ndipo penye kazi. Moshoeshoe hakusema kosa ni dogo, wala hakuwakataza watu wake kuhuzunika. Aliitwaa heshima yao kwa wafu, ile ile iliyowachochea kutaka damu, akaifanya kuwa ngao ya wakosaji. Shauri la namna hiyo hulipata mtu ajuaye mahali panapouma, naye alipajua, kwa kuwa mfiwa wa kwanza alikuwa yeye.

Yasemwa pia ya kuwa Wandebele wa Mzilikazi walipoushambulia mlima ule mwaka 1831 wakashindwa, aliwapelekea ng'ombe wawe chakula cha njiani, akisema yamkini njaa ndiyo iliyowaleta.

Basi wako wanaouliza: Ikiwa huruma humletea faida mwenye kuitoa, yafaa bado kuitwa huruma? Si chambo tu? Wazee nao wamesema, mkono mtupu haulambwi. Sisi twaona swali hili huwapendeza zaidi wale wasiopata kuongoza hata darasa moja. Aliyekuwa na njaa akapewa ng'ombe ameshiba kweli, hata kama aliyempa alikuwa na shauri lake. Lililo baya ni kumhurumia mtu kwa midomo na kumsahau mara faida ikiisha.

Tena kujua moyo wa mtu si kumpenda tu. Desemba 1852 jemadari wa Kiingereza, Cathcart, alidai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000, kisha akaja na jeshi, akapata hasara. Usiku ule ule Moshoeshoe alimpelekea barua ya kuomba amani, kana kwamba Mwingereza ndiye aliyeshinda. Alifahamu ya kuwa jemadari anaogopa aibu kuliko risasi, akampa mlango wa kutokea. Cathcart akaondoka.

Lakini tusimpambe mno. Makaburu wa Orange Free State walitaka mashamba, wala maneno laini hayakuwarudisha nyuma. Katika vita vya 1858 na vile vya 1865 hata 1868 Wasotho walipoteza sehemu kubwa ya ardhi yao nzuri. Hapo mfalme mzee aliomba ulinzi wa Waingereza, akapewa Machi 1868, akafa miaka miwili baadaye. Nchi iliyosalia ndiyo Lesotho, iliyopata uhuru mwaka 1966.