Huruma Isiyo na Ujuzi

Wako watu wafugao simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia, ambaye asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Akishikwa na maradhi ya mapafu, hutokwa na kamasi, hupumua kwa shida na huacha kula. Je, aliyemfunga tunduni ana wajibu gani kwake?

Wengine husema: "Mnyama tu huyu, pesa za dawa heri apewe maskini." Neno hili halisimami. Lau angekuwa huru, angejitafutia majani na hewa safi. Nawe umemzuilia yote mawili. Masurufu yake basi ni deni juu yako, kama walivyosema wanazuoni, wala sadaka hailipi deni. Usipoweza, mpe awezaye.

Na huruma peke yake haitoshi. Mtu humwonea imani mnyama wake akampa penisilini iliyosalia nyumbani. Na dawa hiyo, imponyayo mwanadamu, yaweza kumwua simbilisi kwa kumharibu matumbo.

Lililo sawa ni kumpeleka kwa daktari wa wanyama upesi, kwani kukaa siku nzima bila kula ni hatari kwake. Kumwondolea matandiko yaliyolowa mkojo, ambao harufu yake huumiza mapafu. Kumtenga na sungura na mbwa, wawezao kumwambukiza. Na kumpa pilipili mboga na majani mabichi, kwani mwili wake, kama wetu, haujitengenezei vitamini C.

Basi ndugu, kabla hujamnunulia mwanao mnyama, jifunze kwanza maradhi yake. Asiyetaka kujifunza, na amwache.